Tumbo la "a"

Nebraska, usiku wa Novemba, barabara kuu imefungwa upande mmoja.
Orrin Hladky yuko juu ya kreni,
anafungua nati zilizoliwa na kutu.
Kibao cha kijani kinashuka taratibu.

Mjini walibishana miezi saba juu ya herufi.
Mhandisi alikuja na picha zake ukutani:
"a" mpya ina tumbo wazi,
ikimulikwa na taa haivimbi,
haigeuki "o" machoni pa mzee.
Sekunde moja, alisema. Mtasoma mapema kwa sekunde moja.

Verlene, muuza mbegu, akasimama na koti lake:
"Ya zamani ina mabega.
Hii inachekacheka kama tangazo la dawa ya meno."
Mmoja akauliza bei.
Kijana wa Kiomaha akauliza jina la mto litaandikwa lini
kwa lugha ya walioupa jina.
Mwenyekiti akatazama saa, akakumbuka kahawa.

Orrin hakusema neno.
Jumapili alikwenda peke yake, akarudi nyumanyuma bondeni
akihesabu hatua mpaka maandishi yakafifia;
kibao kipya kikamshindia cha zamani
kwa hatua nne. Au tatu, upepo ulikuwa mkali.

Sasa cha zamani kimelala nyasini, chali.
Miaka thelathini amekipita akikiona kama kiganja.
Anaweka buti lake ndani ya "a".
Linaenea lote,
na nafasi inabaki.