Sifuri ya Katikati

Pijo, nne-sifuri-nne,
ilishushwa behewani Mwanza mwaka wa sitini na tatu,
rangi ya mtindi, mapezi nyuma
kama sato aliyekasirika,
gia shingoni mwa usukani.
Ile sifuri, babu alituapia, haikuwekwa bure:
ni tundu la hendeli.
Asubuhi ya manyunyu unachomeka chuma, unazungusha,
injini inakohoa, inagoma, inakubali.

Babu Lugwisha alikuwa mpima pamba huko Magu.
Wenye baiskeli walimpisha,
wenye magunia walivua kofia.
Bibi Kabula alijifungulia kiti cha nyuma, Kigongo,
pantoni ikiwa bado ng'ambo, Busisi.
Mtoto wakamwita Pijo.
Ndiye baba yangu.

Kisha vita vya Kagera, petroli ya foleni,
pistoni iliyoagizwa Nairobi isifike.
Kutu ikala sakafu.
Kuku wakataga pale alipozaliwa baba.

Jumamosi kaja kijana wa vyuma chakavu,
toroli, mizani ya kuning'iniza.
Akaanza na mlango.
Babu, mwenye jicho moja zima, akausogelea mshale:
"Mizani yako haianzii sifuri."
Kijana akaapa kwa mama yake.
Babu akacheka mpaka akakohoa
kama injini ile.
"Usiape, mjukuu wangu. Kidole hicho nakijua.
Ndicho kilichoninunulia gari."

Hakuna aliyesema neno.
Baba akachuchumaa mbele ya bonati,
akafumba jicho moja,
akachungulia kwenye tundu la hendeli
kama mtu anayetafuta upande wa pili.