Mashimo Tisa, Sahare

Nimetumwa Tanga na fomu ya kurasa saba
na kalamu mbili, moja imekwisha wino.
Nicheze, nipime, niupe uwanja nyota.
Ada elfu tatu. Risiti imechanwa
kwenye daftari la shule, jedwali la kuzidisha mgongoni.
Fimbo za kuazima zimesimama ndani ya pipa:
namba saba zipo nne, namba tano hakuna,
na moja imefungwa kamba ya mkonge shingoni
kama mgonjwa aliyetoroka wodi.

Ubaoni, kwa chokaa, masharti ya uwanja:

     Mpira, shimo la kaa,
     okota, huna hatia.
     Kunguru akichukua,
     weka mwingine, tulia.
     Mwenye mzigo akija,
     simama, mpishe njia.

Nikacheka. Mwanjaa hakucheka.
Ndiye karani, mtunza uwanja na mbeba mfuko,
kanga kaikaza juu ya suruali.
"Cheka tu. Kunguru mwenyewe ni mmoja, tunamjua."

Shimo la kwanza. Nyasi zimekatwa na mbuzi wa Semhando,
mafundi wasiosoma ramani: hapa kipara, pale kichaka.
Nikaandika: nyasi, wastani.
Nikafuta.
Nyasi, zinaliwa.

Shimo la tatu linakata njia ya watu.
Nimeshainua fimbo, mabega yametulia,
akatokea kijana na baiskeli, trei kumi za mayai.
Nikashusha fimbo. Akashusha mguu.
"Shikamoo. Hapo unatumia namba ngapi?"
"Saba."
"Na upepo huu wa mgongoni? Chukua tisa, mzee."
Mimi nina cheti cha ukaguzi. Nikapiga saba.
Mpira ukaipita bendera, ukaupita ua,
ukaingia kwenye mchicha wa watu.
Kengele ya baiskeli ililia mara mbili, kwa adabu.

Fomu inauliza: ubora wa kijani.
Hapa kijani hakuna. Kuna duara la mchanga mweusi
ulionyweshwa oili chafu ya gereji za Barabara ya Kumi na Mbili,
unanuka lori, unang'aa kama kikaango.
Juu yake mpira huacha mstari,
na mstari hauna siri: hapa mkono ulitetemeka,
hapa alijifanya anajua.
Wangu ulipinda kushoto, mara tatu, palepale.
Mwanjaa akavuta gunia kuukuu,
akazunguka nalo toka katikati hadi ukingoni,
mistari yangu ikalala, nyayo zangu zikalala.
"Anayefuata!" akaita,
na nyuma yetu hapakuwa na mtu.

La sita, kunguru alikuja.
Mpira wa elfu kumi na mbili, mpya, wa Dar.
Niliweka mwingine. Kutulia, bado najifunza.

La tisa akaomba apige mara moja.
Akachagua ile yenye kamba.
Mpira ukaondoka chini chini, chini ya upepo,
kama mtu anayepita msibani asitake kusalimiwa,
ukakimbia, ukachoka, ukakaa
hatua mbili toka kwenye bendera.
"Hukuniambia kama unacheza."
"Fomu imeuliza?"

Nikajumlisha: hamsini na tatu, mchicha ndani.
Choo: kimoja, safi, ndoo ina maji.
Maegesho: baiskeli kumi na moja.
Mifereji: mvua huamua yenyewe.
Nyota: mbili.
Nilisubiri mkono uongeze ya tatu, ukakataa.
Mwanjaa alisomea begani kwangu.
"Mbili ni haki. Ungetia tatu
ningejua hukucheza."

Basi langu ni saa kumi.
Sasa ni saa saba na robo.
Nimetoa elfu tatu nyingine,
yangu, si ya ofisi,
na nimeomba fimbo yenye kamba.