Uta wa Kwanza

Tulitoka Kayenze alfajiri, Lugembe na mimi shangazi yake,
pesa ya dagaa nimeifunga kwenye pindo la khanga,
noti zinanuka ziwa.
Njia nzima alisema neno moja:
"Mkubwa."

Kwa fundi Masalu, pale Kisesa, nyuma ya mashine ya kusaga,
mata yameegemea ukuta
kama wanafunzi waliochelewa namba.
Mmoja umepakwa mafuta, unang'aa paji la bwana harusi.
Lugembe akauendea huohuo.

Fundi hakumkataza.
Alimkabidhi, akarudi kwenye muhogo wake.
"Vuta."

Mtoto akavuta. Mabega yakapanda masikioni,
kiwiko kikacheza, mdomo ukapinda,
upote ukafika kidarini, ukagoma.
"Sasa nitajie watoto wa kwenu, wote,
polepole, na usiachie."
Alifika kwa Nyanzobe, wa pili.
Kwao wako tisa.

"Pimbi hana haraka," fundi akasema, anatafuna.
"Yuko juu ya jiwe, anakuona, anakuwaza.
Unavuta, anageuza shingo.
Unashikilia. Upepo wa ziwa unapita.
Unashikilia. Anatulia tena.
Uta unaokutetemesha
unampigia pimbi filimbi."

Akampima mkono kwa mshale usio na chembe,
kutoka kidari hadi ncha za vidole,
akatia alama kwa ukucha.
Ndipo akaona nilichosahau kusema:
mtoto ni wa kushoto.
Shuleni walimchapa, nyumbani tulimsema
kila alipopeleka mkono ule kwenye ugali.
Fundi akafungua ngozi ya mshiko,
akaigeuza, akaifunga upande wa pili.
Miaka saba ya fimbo;
dakika mbili za uzi.

Uta wenyewe aliutoa uvunguni.
Mti wa mkole, mfupi, hauna mafuta,
katikati una fundo kama goti la mbuzi.
Upote wake uzi wa kijani, wa nyavu za sangara;
niliujua kabla sijaugusa,
ndio unaonikata vidole kila siku.
Lugembe alinitazama
kana kwamba nimemnunulia gauni.

Lakini akavuta.
Ukaja. Ukaja hadi shavuni, ukakaa.
Akawataja tisa, akamtaja mbwa,
akawataja mbuzi wawili wenye majina,
na mwisho, bila kuulizwa, akamtaja baba yake,
jina ambalo kwetu hatulisemi chakula kikiwa mezani.
Upote haukutikisika.
Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma,
nikashukuru kelele zake.

Elfu kumi na nane. Fundi akapunguza elfu moja
kwa sharti: miezi mitatu aue migomba tu,
shina lilelile, hatua kumi, kisha kumi na tano.
"Na huu mkubwa?"
"Huu hauendi popote. Kifua kikipanuka, njoo.
Kisipopanuka, pimbi hatakuuliza."

Jioni mgomba wangu wa uani ulitobolewa mara nne,
mlango wa choo mara sita,
na kuku mmoja bado hajarudi.

Usiku, wote wamelala, nikauchukua kutoka msumarini.
Nilipokuwa na umri wa Lugembe
kaka yangu alipelekwa kwa fundi,
mimi nikapewa ungo.
Sikulia, nilipepeta.
Nikasimama gizani, taa za wavuvi zimejipanga majini,
nikashika lile fundo la goti la mbuzi,
nikavuta hadi shavuni
uzi ninaoujua kwa vidonda.

Nikaanza kutaja majina.
Nilipomaliza ya nyumbani
nikaingia kwa majirani.