Mistari Mitatu

Fomu iko mezani tangu Jumatatu,
imeshapata duara la kikombe.
Jina: Raimo Lehtonen. Umri: arobaini na saba.
Kazi ya mwisho: kiwanda cha karatasi, Thunder Bay,
miaka ishirini na miwili, zamu ya usiku,
mpaka walipofunga lango kwa mnyororo
wakatugawia kofia za ukumbusho.

Nje theluji imemeza ngazi.
Binti yangu Aila, kwenye simu:
"Baba, wewe? Na mabeseni?"
Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Chuo kinataka kujua, kwa mistari mitatu,
kwa nini nataka kuwa muuguzi wa vitendo.
Si daktari. Si yule msimamizi wa wodi.
Yule wa kugeuza, kuosha, kufunga kidonda,
wa kuandika saa ngapi na mkojo kiasi gani.

Naweza kuandika mshahara. Ni kweli.
Naweza kuandika kwamba deni la nyumba halilali,
nalo ni kweli.

Lakini namkumbuka Delphine Wabasse,
chumba cha kumi na moja, baba yangu
alipokivua Kiingereza chote
kama mtu anayevua koti akifika kwake,
akabaki na Kifini cha mama yake.
Sisi tulisimama mlangoni na maua.
Delphine aliandika neno moja kwa kalamu
nyuma ya kiganja: vettä. Maji.
Wapo wasemao mgonjwa haulizwi uji.
Yeye aliuliza. Kila saa aliuliza,
kwa matamshi mabovu kabisa,
na mzee, aliyekuwa akitema kila kijiko,
akafungua mdomo.

Mikono hii inajua mashine.
Nikigusa rola gizani, naijua beringi inayougua
kabla haijalia.
Je, bega la mtu nalo hutetema hivyo?
Sijui. Sikumwosha hata baba.

Jana usiku nilijipima mapigo,
kidole shingoni, macho kwenye saa ya jikoni:
themanini na nane,
kwa mtu aliyekaa kitako.

Mwisho ni Ijumaa.
Nimeandika mstari mmoja, nikaufuta,
nikauandika tena palepale:
Niliuogopa mgongo wa baba yangu.
Miwili iliyobaki sijaigusa.
Nimeinua fomu kwenye taa, kwa mazoea tu,
nione nyuzi zake. Si karatasi yetu.
Ni nyepesi mno, lakini pale nilipofuta
haikutoboka.