Esanse

Siku tisa, Bwana Birindwa. Siku tisa tu
tangu unipe funguo na kuniapia kwa jina la mamako.
Jana jioni, kupanda Panzi, gari likakohoa,
likazima; kuku wakalipita.

Hukufungua hata boneti.
Ulinusa mdomo wa tangi, ukaandika:
*Mteja ametia esanse kwenye gari la mazutu.*
Mteja ni mimi. Dola mia sita nazo, mimi.

Esanse ninayoijua ni njia panda ile ya Bukavu,
naipita kila siku nikienda hospitali.
Mimi naingia Esanse.
Esanse haijaingia tangini mwangu.

Basi nimekuja na sirinji.
Nimevuta mbele ya fundi wako Mushagalusa,
anayetazama viatu vyake.
Tone moja juu ya karatasi yako, hapo penye sahihi.
Esanse huruka. Mazutu hung'ang'ania.
Niletee kiti, tungoje.

Mvua imepiga bati, imekatika.
Muuza sambaza amepita, amerudi na beseni tupu.
Doa bado linang'aa,
limepenya hadi upande wa pili,
jina lako linasomeka kinyumenyume.

Fungua boneti.