Lehemu

Lehemu naijua. Miaka thelathini na miwili
nimeiyeyusha Langoni, kibandani mwa baba,
punje ndogo kuliko chenga ya mchele,
ishikishe ukingo wa pete
unaobeba kigae cha sahani ya kale.
Ikizidi, kazi imeharibika:
inafurika, inaziba nakshi,
utaikwangua kwa ncha ya tupa hadi magharibi.

Kwa hiyo Daktari Thureya aliposema,
"Lehemu yako imezidi, Bwana Shekue," nilicheka.
Yeye hakucheka.
Aliuliza mama alikufa akiwa na miaka mingapi.
Arubaini na tisa, akipepeta mchele.
Na mjomba Famau?
Hamsini, kwenye foleni ya benki.
"Si samli peke yake. Hii mmerithishana."
Wengine hurithi milango.

Akanipa statini. Sina neno baya nazo:
jirani yangu Aboud anazimeza mwaka wa saba
na bado anabeba saruji.
Mimi zilinikamata nyama. Mapaja kwanza,
kisha viganja; koleo likawa zito kama mchi.
Tukabadilisha jina, tukapunguza kipimo,
tukameza leo tukaruka kesho.
Pete ya bibi harusi wa Matondoni
ikaniponyoka mara tatu.

"Basi." Akavuta karatasi, akachora ini
kama nyumba ya mawe, milango pande zote.
Lehemu ikipita damuni, milango huidaka, huiingiza ndani.
Yangu michache. Na kuna mvunja milango,
protini moja, kila usiku na shoka lake.
Kipo kidonge kinachokaa utumboni, kinaizuia isivuke.
Kipo kingine, kigeni kwetu,
hakiamki mpaka kifike kwenye ini;
nyama za mwili hakizijui.
Na zipo sindano. Ya kila wiki mbili
inamfunga mvunja milango mikono.
Nyingine inachana barua ya kumwita
kabla haijasomwa;
ukishaizoea ni mara mbili kwa mwaka,
moja Maulidi, moja Ramadhani.

"Bei?"
Akaitaja polepole, kama anayemtoa mtu mwiba.
Nikahesabu kwa punda.
Punda wawili, na matandiko yao,
tena ifuatwe Mombasa.

Usiku nikafungua kasha.
Furungu za mama, jozi. Nikazipima:
gramu mia nne na kumi.
Sindano moja, labda, na nauli.
Nikawasha moto. Nikaigeuza moja, nikaona kiungo,
mkono wa baba,
lehemu nyembamba kama unywele,
hakuzidisha hata tone.
Nikazima.

Nimeanza na vidonge viwili, cha utumbo na cha ini.
Mkono umerudi. Namba zimeshuka,
ila si pale Thureya anapopataka;
kila mwezi anapiga simu Mombasa, anauliza bei,
kila mwezi ananiambia "bado."

Na Mwanatumu, binti yangu, miaka kumi na saba,
nimempeleka akatolewe damu.
Alikunja mkono wa buibui, akatazama ukuta.
Jibu ni Alhamisi.
Tangu hapo hakai nyumbani, yuko kibandani,
anataka kujua kwa nini ugonjwa wetu na kazi yetu
vina jina moja.
Sikuwa na jibu. Nimempa kibano.
Nimemwambia, weka punje moja tu.

Ameweka tatu.