Swali la Saba

Changamwe, saa mbili unusu. Malori ya makontena
yanatikisa vioo vya chumba cha mtihani
na Mbodze amekwama swali la saba.

Muhula uliopita alikwama papa hapa.
Alichana karatasi, akatoka, mlango ukabamiza ukuta,
nami kwa wino mwekundu nikaandika: Hajitahidi.
Mamake alikuwa kalazwa Port Reitz siku ya tatu.
Sikuuliza.

Leo kaiweka kalamu chini.
Viganja viwili juu ya dawati,
kama apimaye moto wa chuma cha chapati.
Midomo yacheza. Si dua, si kanuni ya hesabu.
Jioni ataniambia:
"Nilikuwa naiita jina lake, mwalimu.
Nilisema, wewe ni hofu, si ujinga.
Basi ikasogea kidogo, nikapata pa kuandikia."

Analiruka la saba. La nane. La tisa.
Anarudi.

Hamsini na nane.
Hakuna atakayepiga vigelegele.
Ila usiku nimeitoa ripoti ile ya zamani,
nimelikwangua neno langu kwa wembe,
taratibu,
mpaka karatasi ikatoboka.